Nilimwambia Pigo Lake ni Baya

Kosa langu la kwanza katika gofu lilikuwa kushindana na upepo kwa nguvu. Ukinijia usoni, niliongeza nguvu. Ukizidi, na mimi nilizidi. Miezi minane nilipiga hivyo, na miezi minane mpira ulipanda juu, ukasimama hewani kama unaotafakari, kisha ukarudi kuanguka karibu na miguu yangu.

Kosa hilo halikumuumiza mtu. Ninalotaka kukuambia ni la pili, na la pili nililifanya nikijua. Nilikuwa na akili timamu, sikulewa, sikulazimishwa. Usinihurumie unaposoma.

Najua unashangaa. Gofu, Biharamulo? Ngoja nikueleze.

Nilizaliwa Mbuba, wilaya ya Ngara, katika familia ya wakulima wa migomba na kahawa, watu wasiokosa misa. Nilipomaliza kidato cha nne na matokeo yakawa ya aibu, mama alinipeleka Nyakahura, wilaya ya Biharamulo, kwa mjomba wangu mwenye mgahawa kando ya barabara kuu. Kazi yangu ilikuwa kumenya viazi na kukaanga chipsi.

Zamani mjomba alikuwa mpishi kwenye kambi ya wazungu waliokuwa wakipima madini huko milimani kwetu. Walipofunga kambi walimwachia begi lenye fimbo sita za gofu na mipira kumi na minne. Fimbo moja mjomba aliitumia kufukuzia mbwa jikoni. Nyingine zilikaa nyuma ya magunia ya mkaa mpaka nilipofika mimi.

Mimi ni mtu wa kutaka kitu kiwe sawasawa. Hilo ni gonjwa, siyo sifa. Viazi visipolingana nilivirudia. Nikifunga mlango nilirudi kuusukuma mara tatu. Basi gofu ikanipata! Mchezo ambao ukikosea kwa upana wa ukucha mpira unakwenda shambani kwa jirani. Niliweka bando kwenye simu, nikatazama video mpaka macho yakauma. Kiingereza chao kilinipita, kwa hiyo niliiga maumbo tu: fimbo ipande mpaka nyuma ya shingo, izunguke, mikono imalizie juu ya bega, tumbo litazame mbele. Ni pigo zuri kulitazama. Kila pigo nililiandika kwenye daftari, limekwendaje na kwa nini.

Ila kwenye video zile hapakuwa na upepo. Mimi nilipigia nyuma ya uwanja wa mnada wa ng'ombe, malishoni, ambako hakuna mti wala ukuta. Kiangazi upepo unaanza mapema na haupumziki.

Huko ndiko nilikokutana na Shija. Si jina lake, lakini nitamwita hivyo. Tulikuwa na umri mmoja. Wazazi wake walitoka Shinyanga na mifugo yao miaka mingi iliyopita, naye shule aliiachia darasa la nne akafuata ng'ombe. Siku ya kwanza alinitazama muda mrefu ameegemea fimbo yake ya kuchungia.

"Mtani," akasema, hata salamu hakutoa, "huo mpira umekukosea nini?"

"Hii ni gofu."

"Najua. Niliiona kwenye simu ya kaka. Lakini wa kwenye simu unakwenda mbele. Wako unakwenda mbinguni."

Nilicheka kwa hasira. Nikampa fimbo namba saba. "Haya, piga wewe."

Alikosa mara mbili, akakata majani. Mara ya tatu akatema mate, akasimama kama mtu anayefyeka uwanja wa shule. Sote tumefyeka, unajua kusimama huko. Mpira ulikuwa karibu na mguu wake wa kulia. Mikono yake ilikitangulia chuma. Uzito wote aliuweka mguu wa kushoto. Hakuinua fimbo kupita kiuno. Alikata tu, chwa! Na mikono ikasimama palepale kifuani, haikwenda begani.

Mpira haukupanda. Ulitoka kwa kimo cha mgongo wa ng'ombe, ukapasua upepo kama kisu, ukapita kichuguu ambacho mimi kwa miezi minane sikuwahi kukifikia. Ng'ombe waliinua vichwa. Shija akaangua kicheko cha furaha kama mtu aliyeokota kitu njiani.

"Umeona, mtani? Umeona?"

Niliona. Laiti ningekuwa kipofu siku ile!

Jioni nilitafuta tena kwenye simu, safari hii nikiandika maneno ya upepo. Nikapata mzee mmoja mweupe amesimama ufukweni, nguo zinampepea, anapiga vilevile. Mpira nyuma, mikono mbele, fimbo fupi, anamalizia kifuani. Kumbe ndivyo wanavyopiga mabingwa upepo ukiwa mkali! Shija alikuwa amelipata kwa mkono wa fyekeo, kwa majaribio matatu.

Sikulala vizuri. Mimi na daftari langu, mimi na miezi minane yangu!

Kesho yake alikuja mbio, ng'ombe nyuma, anataka fimbo. Akapiga tena. Chwa! Chini, mbali. Akanigeukia. Alikuwa ananisubiri niseme.

Nikasema, "Hapana. Hilo ni baya."

"Baya? Si limefika?"

"Limefika kwa bahati. Gofu ina namna yake. Wewe unafyeka. Ni mkono wa kishamba huo, watu watakucheka."

Uso wake ulisawijika. Akautazama mkono wake wa kulia kana kwamba ulikuwa wa mtu mwingine. Akasema taratibu, "Sikujua. Basi nifundishe, mtani. Wewe ndiye msomi."

Msomi! Mimi niliyepata sifuri ya hisabati! Lakini nilikuwa na simu, nilikuwa na daftari, na fimbo zilikuwa za mjomba wangu. Aliniamini kama anavyomwamini daktari wa mifugo. Akiambiwa choma sindano, anachoma.

Nikamfundisha pigo la kupendeza. Nilimsimamisha, nikamsogezea mpira mbele, nikamwinulia fimbo mpaka nyuma ya shingo. "Nguvu!" nilimwambia. "Upepo ukizidi, zidisha nguvu." Yaani nilimpa kosa langu mwenyewe, lile la miezi minane, nikamvisha kama shati. Alipojisahau akafyeka, nilimzomea. Nilimpiga hata kwa kijiti kwenye kiwiko. Alivumilia. Alianza kuuliza maswali ambayo hakuwa nayo zamani: mguu uko sawa? Kidole hiki kiwe wapi? Usiku anawaza, aliniambia.

Na mimi je? Saa za mchana, yeye akiwa amepeleka ng'ombe mtoni kunywa maji, nilijifunza pigo lake. Ndiyo! Nililiiba kipande kwa kipande. Nilichukua fimbo namba tano mahali pa namba saba, kwa kuwa uso wa chuma chake umesimama zaidi na hauinui mpira. Nikashika chini kidogo kwenye mpini. Mpira karibu na mguu wa kulia, mikono itangulie, nusu mzunguko, na mwisho ukomee kifuani. Kubwa kuliko yote, polepole. Ukipiga kwa nguvu mpira unazunguka sana, na mpira unaozunguka sana unapanda, na ukipanda upepo unaula. Kadiri upepo unavyozidi, ndivyo unavyopiga kwa upole zaidi. Nililielewa hilo kwa kumkumbuka Shija, siyo kwa akili yangu.

Mwezi wa saba mjomba alikuja na habari. Mzee mmoja aliyewahi kufanya naye kazi kambini sasa anafundisha gofu kwenye mji wa migodi. Anatafuta kijana mmoja wa kumlea mpaka naye awe mwalimu. Malazi, chakula, mafunzo, vyote juu yake. Alikuwa anapita Nyakahura mwezi ujao na angetuona.

"Nafasi ni moja," mjomba alisema. "Mwambie na yule rafiki yako."

Nilimwambia. Siku hizo baba yake Shija alikuwa anajiandaa kuhama. Malisho yalikuwa yamebana, na ndugu zake walikuwa wameshatangulia kusini, Lindi. Shija hakutaka kwenda. Alimwomba baba yake mbele yangu, amepiga magoti kwenye vumbi la zizi. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ukichaguliwa, baki. Usipochaguliwa, unaswaga kundi na mimi. Ng'ombe hawasubiri gofu."

Kwa hiyo nilijua. Nilijua anapigania nini.

Asubuhi ya majaribio upepo ulikuwa unang'oa mabati. Shija alikuja mgahawani mapema, amevaa shati la kaka yake. Mimi nilikuwa nimeshausukuma mlango mara sita kwa wasiwasi. Akanivuta pembeni ya jiko.

"Mtani, upepo wa leo ni mkali. Nikishindwa na hili la juu, nipige lile la zamani? La kufyeka?"

Hapo! Hapo ndipo Mungu aliponifungulia mlango. Neno moja tu, ndiyo, na leo nisingekuwa naandika haya.

Nikamwambia, "Ukipiga lile, mwalimu atafunga begi lake aondoke. Utatuaibisha sote."

"Sawa," akasema. "Asante kwa kuniambia."

Aliniambia asante!

Tulikwenda kwenye uwanja wa mnada. Haikuwa siku ya mnada lakini watu walijaa: wauza mitumba, wachungaji, madereva wa malori waliosimama kula. Mwalimu alikuwa mzee mfupi mwenye kofia, mpole wa sauti. Tulimwamkia shikamoo, akaitika marahaba huku akitazama majani yanavyolala. Alichomeka mti wenye kitambaa chekundu mbali, upepo ukitokea huko huko. "Mipira mitano kila mmoja," alisema. "Nataka kuona mtu anafanya nini na upepo huu."

Shija akaanza.

Mpira wa kwanza ulipanda, ukasimama, ukarudi. Watu wakacheka kidogo. Wa pili alizidisha nguvu, kama nilivyomfundisha. Ukapanda zaidi.

"Mchungaji! Unawinda malaika?"

"Ondokeni chini, huo utanyesha!"

Wa tatu ulikwenda pembeni ukatua kwenye paa la choo. Hapo uwanja wote ukalipuka. Dereva mmoja wa lori alikaa chini kabisa, anajipiga mapaja. Mama muuza sangara wa kukaanga akapaza sauti, "Mwacheni mtoto wa watu!" lakini na yeye alikuwa anacheka. Baba yake Shija alisimama nyuma ya watu, kofia mkononi. Hakucheka.

Wa nne nao ukarudi.

Kabla ya mpira wa tano Shija alisimama. Nikaona mguu wake wa kushoto unabeba uzito. Nikaona mikono inatangulia. Mwili wake ulikuwa unakumbuka! Akainua uso, akanitafuta kwenye watu mpaka akanipata. Macho yake yaliuliza.

Nikatikisa kichwa: hapana.

Jamani, nilitikisa kichwa! Akanitii. Akaurudisha mpira mbele, akainua fimbo mpaka nyuma ya shingo, akapiga kwa nguvu zake zote, na mpira ukaangukia hatua ishirini mbele yake. Watu hawakucheka tena.

Zamu yangu. Nikachukua namba tano, nikashika chini, mpira nyuma. Chwa! Kimo cha mgongo wa ng'ombe. Ukapita chini ya upepo, ukatua, ukaviringika mpaka karibu na kitambaa. Wa pili vilevile. Wa tatu ukaugonga mti, na mwalimu akasema inatosha, nafasi ni yangu. Watu wakapiga kelele, mjomba akanishika kiunoni akaninyanyua kama gunia.

Nilipowekwa chini Shija alikuwa mbele yangu. Katika uwanja mzima alikuwa mtu mmoja tu aliyejua ameona nini. Nilingoja anipige ngumi. Ningeshukuru.

Akasema tu, "Kumbe lilikuwa zuri."

Kisha akazunguka uwanja akaokota mipira yote, yake na yangu, na ule wa kwenye paa la choo akaupandia. Akaifuta mmoja mmoja kwa shati la kaka yake, akaitia kwenye begi, akanikabidhi. Baba yake alimwita mara moja, naye akaenda. Siku ya tatu kundi liliondoka.

Mimi nikaenda mji wa migodi. Nilipata kitanda, viatu, uwanja wa majani uliokatwa kama zulia. Nilipata kila nilichokitaka. Jioni moja mwalimu alinisimamisha mbele ya wanafunzi wake, upepo ukivuma, akaniambia nipige. Nikapiga. Akawaambia, "Tazameni. Huyu hakufundishwa na mtu." Akanigeukia: "Ama ulifundishwa?"

"Nilijifunza mwenyewe," nikajibu.

Tangu jioni ile nikaanza kuugua. Kila nikiuweka mpira nyuma, nilimwona amesimama ananitafuta kwenye watu. Pigo likaanza kuniponyoka. Miezi minne nilivumilia, mwezi wa tano nikamfuata mwalimu nikamweleza yote, mpaka kile kichwa nilichokitikisa.

Hakupandisha sauti. "Kwa hiyo nilimwacha aliyejua," akasema. Kisha akaongeza, "Mtafute. Nafasi ni yake."

Nilifurahi! Nilidhani nimepata pa kutubia. Shangazi yake Shija anauza maziwa ya mgando sokoni Nyakahura. Mjomba alimwendea akapata namba. Nikapiga.

"Shija, ni mimi."

"Nimekujua."

Nilimwambia mbio mbio, kama mtu anayekimbizwa. Mwalimu anakutaka, mimi natoka, wewe unaingia, samahani, samahani. Nikasikia kengele za ng'ombe upande wake.

"Mtani, lile pigo silijui tena."

"Litarudi. Nitakufundisha."

Akacheka. Kicheko kifupi ambacho sikuwahi kukisikia kwake. "Wewe?"

Nikaibana simu sikioni.

"Uliniambia mkono wangu ni wa kishamba," akasema. "Siku hizi hata nikifyeka najitazama mkono. Nakata, nasimama, nauliza kama ni sawa. Juzi nimejikata mguu, mimi niliyefyeka tangu niko mdogo. Nikitaka kumrudisha ng'ombe kwa fimbo, nafikiria kwanza kiwiko. Baba anasema nimekuwa mzito. Mimi sikuwa na mawazo hayo, mtani. Hayo yalikuwa yako. Uliyatoa kwako ukanitia mimi."

"Shija, nisamehe."

"Nimekusamehe. Ila usinipigie tena."

Na akakata.

Nilipomrudishia mwalimu jibu, aliniambia nifungashe. Nilimuuliza kama ni kwa sababu nilidanganya. Akasema, "Katika mchezo huu mtu hajioni akipiga. Macho yake ni mwenzake. Leo nikupe mwanafunzi, kesho akupite uwezo, utamwambia nini?" Asubuhi nilipanda basi la kurudi Ngara.

Ndugu yangu unayesoma, pengine wewe hujawahi kushika fimbo ya gofu na hutaishika. Lakini una mtu anayekuletea kazi yake na kukuuliza, iko sawa? Fundi mwenzako, mdogo wako, mke wako. Akikuzidi, utaumia. Umia tu! Uma kidole, nenda nyuma ya nyumba ulie. Lakini usimwambie ni baya wakati unajua ni zuri. Mtu akikuibia kitu atapata kingine. Ukimwibia imani ya mkono wake, hata ukirudi na toba na nafasi na nauli, utakuta hayupo yule uliyemwibia.

Na ninyi mnaouliza, msimuulize mtu mmoja tu. Hasa msimuulize mwenye wasiwasi kama mimi.

Sasa niko Mbuba, nalima na baba. Jumamosi nacheza na mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliyepata hamu ya mchezo huu. Wiki iliyopita alipiga mpira chini ya upepo, bora kuliko wangu wowote wa mwaka huu. Niliumia. Nikamwambia palepale, kwa sauti, watu wakisikia, kwamba pigo lile ni zuri na asilibadilishe. Hilo ndilo lililobadilika kwangu. Shija sijampigia tena.